Waliokufa kwa Fidla ya Bi Mwanatumu

Mtu wa kwanza kubebwa alasiri ile alikuwa Bi Sikudhani, mjane mnene wa Ngamiani, aliyekaa safu ya tatu ukumbini na kanga yake mpya. Fidla ilipopanda juu kisha ikajivuta kushuka taratibu, Bi Sikudhani alifumba macho, akajipiga paja, akasema kwa raha zake zote, "Nishikeni jamani."

Kiti kikamshika. Mikono miwili ya mpira ilichomoza ubavuni ikamkumbatia kiunoni, mgongo wa kiti ukalala, magurudumu yakatoka chini, na kabla shoga yake hajageuka kuuliza kulikoni, Bi Sikudhani alikuwa anateleza kwenye njia ya katikati kuelekea mlangoni, miguu mbele, anapunga mkono mmoja kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka.

"Pole, mheshimiwa," kiti kilimwambia kwa upole. "Umeshashikwa. Usiogope."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kinusuru, na tusikinyime haki yake, kilikuwa kitu cha ajabu. Zama hizo Tanga ilikuwa na wazee wengi kuliko vijana. Dawa mpya zilikuwa zimekarabati figo, ini na hata meno, lakini moyo ulibaki vilevile, kitu cha kuzimika bila taarifa. Kwa hiyo sheria ya mji ilikataza ukumbi wowote kuwakusanya watu waliopita miaka sabini bila mtambo wa kuwanusuru. Katika Ukumbi wa Kioo, uliojengwa palipokuwa na maghala ya mkonge, mtambo huo, Kinusuru, ulikuwa akili unde moja iliyoenea chumba kizima. Kila kiti kilikuwa na sikio lake dogo, na chini ya kitambaa kulikuwa na kipimapigo kilichosoma moyo wa mtu kupitia nguo zake. Mtu akizidiwa, kiti chenyewe kiligeuka kitandambio na kumfikisha zahanati ya ukumbi kabla jirani yake hajamaliza kupiga chafya.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kinusuru kilijifunza Kiswahili katika wodi za dharura. Mhandisi Zahoro Shemhilu, aliyekibuni, alikuwa amekisikilizisha sauti za wagonjwa kutoka pwani mpaka bara, na wodini mtu akisema anakufa huwa ana maana hiyohiyo. Hakuna aliyefikiria kukipeleka harusini.

Sasa jukwaani alikuwa amekaa Bi Mwanatumu Kheri mwenyewe, mwenye umri wa miaka tisini na moja, fidla begani, kidevu juu. Mpiga fidla wa kale wa namna yake alikuwa hajabaki mwingine pwani yote. Na wale waliokuja kumsikiliza walikuwa watu wa rika lake, watu wasiojua kusifu muziki kwa kukaa kimya.

Mstaafu mmoja wa bandari alisema, "Ah, roho inanitoka," na papo hapo akavishwa barakoa ya hewa, ambayo ilimzuia kusema lolote la kujitetea. Mama mmoja wa safu ya nyuma alitikisa kichwa akasema, "Huyu mwanamke leo atatuzika sote." Kinusuru, ambacho hakikuwa na mchezo katika mambo ya adabu, kilipeleka taarifa kwa kamati ya mazishi ya mtaa. Kamati ikajibu ikiuliza makaburi mangapi. Na mzee mwingine aliponong'ona kwamba fidla ile inamchinja, milango yote ilijifunga na roboti mbili za ulinzi zikapita katikati ya viti zikitafuta kisu.

Baada ya hapo watu walielewa somo. Waliuma ncha za kanga, wakajiziba midomo kwa kofia, wakakodolea macho dari. Bashrafu, ule wimbo mrefu wa kufungulia usio na maneno, uliendelea hadi mwisho katika kimya kikubwa. Bi Mwanatumu aliposhusha upinde, walipiga makofi kidogo, kwa woga.

Juu, nyuma ya kioo kizito cha chumba cha uangalizi, Zahoro alikuwa anatokwa na jasho. Chumba hicho hakikuingiza sauti. Yeye alimwona Bi Mwanatumu kama mtu anayejikuna bega, na ukumbi aliuona kwenye skrini kwa nukta, kijani kwa mzima, nyekundu kwa anayekufa. Nukta nyekundu zilikuwa zimejaa kama upele. Wote waliobebwa walikutwa wazima kabisa na wakarudishwa, isipokuwa Bi Sikudhani, aliyekuwa bado zahanati akigombana na daktari.

Alijua fika kosa liko wapi. Lakini alikuwa na sababu yake ya kutaka kila neno liaminiwe, na haikuwa sababu ya kitoto. Bibi yake mzaa baba, aliyemlea, alifia katika harusi ya jirani. Aliinuka katikati ya ngoma, akashika kifua, akasema, "Nakufa," na watu wakampigia vigelegele. Wengine walimwambia akazane. Alipoanguka walidhani anacheza. Zahoro alikuwa ameapa kwamba mtu mwingine hatakufa kwa kutoaminiwa, na Kinusuru kilitokana na kiapo hicho.

Mlango ulisukumwa. Mtu aliyeingia alikuja polepole, fimbo mkono mmoja, fidla mkono mwingine.

"Shikamoo, Bibi," Zahoro alisema, akasimama mpaka kiti chake kikaanguka.

"Marahaba. Wewe ndiye unayenibebea watu wangu?"

"Si mimi, Bibi. Ni mashine."

"Mashine imezaliwa na nani?"

Zahoro akaokota kiti chake, akampisha akae. Tangu utotoni alikuwa akimsikiliza mwanamke huyu katika santuri za bibi yake. Alikuwa amepanga, siku wakikutana, amwambie hivyo kwa maneno mazuri. Yote yalikuwa yamemtoka.

"Nisikilize, mwanangu," Bi Mwanatumu alisema. "Baada ya mapumziko nina taksimu. Unajua taksimu?"

"Ni pale vyombo vingine vinaponyamaza, fidla ikasema peke yake."

"Ikasema nini?"

"Sijui, Bibi. Haiandikwi."

"Haiandikwi, kwa sababu naijenga palepale. Nampa mtu neno moja, yeye ananijibu. Akisema ehee, najua nimepita njia nzuri, naendelea. Akisema nakufa, najua pale pana kitu, narudi tena kumchokoza. Wao ndio wananionyesha njia. Leo nimepiga kama ninayepigia makabati. Nimefika umri huu, siwezi tena kujidanganya kwamba nasikia mwenyewe kila kitu. Ukiniletea watu wenye midomo iliyozibwa, mimi taksimu siijui." Aliifuta fidla kwa upindo wa mtandio wake. "Kwa hiyo ama uwaachie, ama naifunga hii kwenye kasha, na sitaifungua tena. Sikutishi. Nakwambia ili usije ukasema hukuambiwa."

"Nikikizima, Bibi, sheria inafunga ukumbi."

"Usikizime basi. Kifundishe."

Zahoro akamweleza habari ya bibi yake. Hakuwa amekusudia, ila ilitoka yenyewe. Bi Mwanatumu alisikiliza mpaka akamaliza.

"Siku ile nani alikuwa anapiga?" aliuliza.

"Sijui. Vijana wa kukodi, na maspika makubwa."

"Ndiyo maana. Walimpigia lakini hawakuwa wanamsikiliza." Akainuka kwa kutegemea fimbo. "Mimi wangu huwasikiliza. Fanya kazi yako, na mimi nikafanye yangu."

Zahoro alibaki na Kinusuru. Alikaa muda akiitazama ile skrini yenye nukta, akimwona bibi yake katika kila moja. Kisha akavuta kipaza sauti.

"Kinusuru, kuna marekebisho ya lugha."

"Nasikiliza, Mhandisi."

"Fidla ikiwa inalia, neno nakufa si taarifa ya kifo. Ni sifa."

Kinusuru kiliuliza, "Mtu anasifu kwa kutangaza kifo chake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na akiomba azikwe?"

"Hiyo ni sifa kubwa zaidi."

"Kuchinjwa?"

"Sifa."

"Mheshimiwa mmoja wa safu ya tano amemwita mpigaji mchawi. Nilikuwa nimeshaandaa mashtaka."

"Futa. Hapo mchawi ni cheo."

"Mhandisi, mioyo yao pia inakwenda mbio. Nikipuuza maneno, nitabaki na mapigo, na mapigo yote yamevuka kiwango."

Hapo Zahoro alisita. Kiwango hicho alikiweka yeye, kwa mkono wake, baada ya miaka ya utafiti. Aliwaza kasha la fidla likifungwa. Alijiambia kwamba ni muda mfupi tu, kwamba wote wamepimwa mlangoni, kwamba yeye mwenyewe atakuwa anatazama. Mtu akishaamua kufanya kosa hakosi sababu.

"Pandisha kiwango," alisema.

"Nimeelewa. Katika ukumbi huu, kufa ni kufurahi."

Meneja wa ukumbi aliwatangazia wazee kwamba sasa ruhusa, mtu afe atakavyo. Wakacheka, wakaketi vizuri, wakalegeza vilemba. Bi Sikudhani alirudishwa kwa shangwe. Zahoro, ambaye hakuwa amewahi kufanya hivyo tangu ukumbi ujengwe, alifungua kidirisha kidogo cha kupitishia nyaya ili naye asikie.

Bi Mwanatumu alianza chini, kwenye uzi mnene, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyo na hakika nayo. Alibisha mara moja, akasubiri. Mtu nyuma akasema, "Ehee." Basi akaingia. Alipanda kidogo, akashuka, akapanda tena kupita pale alipoishia, na kila alipofika mahali pazuri alipaacha kabla watu hawajatosheka. Zahoro alizijua santuri zake kwa moyo, lakini santuri zilikuwa zimemdanganya. Hazikumwambia kwamba yule mama huvuta pumzi pamoja na upinde, wala kwamba sauti ile ikitoka kwenye mti na nyuzi humpiga mtu kifuani kabla ya masikioni. Mkono wake, uliotetemeka uliposhika fimbo, haukutetemeka hata kidogo uliposhika upinde.

"Nakufa," alisema mmoja.

Bi Mwanatumu akatabasamu, akarudi palepale kwa njia nyingine, akapagusa tena kidogo.

"Ameniua, ameniua huyu," alilia Bi Sikudhani, na safari hii kiti chake kilitulia.

"Tuzikeni sote, iwe moja," mstaafu wa bandari alisema. Hata kamati ya mazishi haikusumbuliwa.

Ukumbi mzima ulikuwa unakufa kwa zamu na kwa pamoja, na fidla ilikuwa inakusanya vifo vyao na kuvirudisha vikiwa vitamu zaidi. Zahoro aligundua kwamba analia. Hakuyafuta machozi. Alikuwa amesahau skrini, amesahau nukta, ameegemea kidirisha kile kwa shavu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimkumbuka bibi yake akiwa hai, anacheka na anapepea kanga, badala ya kumkumbuka akiwa chini.

Safu ya pili alikuwa amekaa Mzee Ngwali, fundi saa wa zamani, mtu mwembamba aliyekuwa amekuja na kikoi kilichopigwa pasi na hakuwa amefungua mdomo tangu mwanzo. Fidla ilikuwa inapita mahali pa kawaida tu, inajiandaa kupanda, ndipo naye aliposema, "Nakufa."

Upinde ukasimama.

Ulisimama katikati ya sauti, ikawa kama mtu aliyekatwa kauli. Watu waliduwaa, kisha wakaanza kuguna. "Endelea, Bi Mwanatumu, usituue nusunusu," mmoja alisema. Yeye aliinua upinde akaunyoosha kuelekea safu ya pili.

"Huyo pale," alisema. "Huyo anakufa kweli."

Zahoro aligeukia skrini. Nukta ya Mzee Ngwali ilikuwa kijani. "Kinusuru, mbebe mtu wa safu ya pili."

"Mheshimiwa huyo amesifu, Mhandisi."

"Hakusifu. Anakufa."

"Kwa mujibu wa mafunzo yako ya leo, hayo ni mamoja."

"Anakufa kweli, nakwambia."

"Tafadhali fafanua neno kweli," kilisema Kinusuru, kwa heshima zote.

Zahoro hakufafanua. Alishuka ngazi kwa kuruka, akapita katikati ya wazee akiwakanyaga vidole, akamkuta Mzee Ngwali ameinamisha kichwa, midomo imebadilika rangi, bado amekaa wima kwa heshima ya muziki. Alimbeba mgongoni kama gunia. Kitandambio kilichobuniwa kwa kazi hiyohiyo kilibaki pale kikiwa kiti, kikimtakia mheshimiwa burudani njema. Daktari wa zahanati alimpokea mlangoni, na kwa kuwa alikuwa bado na hasira za Bi Sikudhani, alifanya kazi yake kwa nguvu sana. Moyo wa Mzee Ngwali ulisimama, ukabembelezwa, ukakubali kurudi.

Zahoro alikaa kwenye sakafu ya zahanati. Alikuwa ametengeneza kitu cha kumwamini kila mtu, halafu kwa mdomo wake mwenyewe akakifundisha kucheka pamoja na wale waliompigia bibi yake vigelegele. Aliona aibu mpaka akatamani naye abebwe.

Siku mgonjwa aliporuhusiwa kupokea wageni, Zahoro alikwenda hospitali na chungwa moja mkononi, kwa kuwa daktari alikataza kingine chochote. Alimkuta Mzee Ngwali ameegemea mito, amenuna. Kitanda chake kilikuwa na Kinusuru vilevile, maana mji mzima ulikitumia, na maneno yote kiliyofundishwa kuwa ni sifa yalikuwa yamerudishwa kwenye maana yake ya wodini.

"Pole, mzee wangu," Zahoro alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya kunibeba au ya kunikatisha?"

"Ya kuchelewa kukubeba."

"Hiyo nimesamehe. Ya kunikatisha sijasamehe. Taksimu ya mwanamke yule nimeingoja miaka mingapi, halafu imefika penyewe, inataka kupanda, unaniokoa." Alitazama dari. "Hata kufa mtu hapati akamaliza."

"Ni mimi niliyekukatisha, usimwonee kijana," sauti ilisema mlangoni. Bi Mwanatumu aliingia na fimbo yake na kasha lake. Wakaamkiana, wakaulizana hali, ikapatikana kwamba hali ni nzuri kwa wote ingawa mmoja alikuwa na mipira puani. Zahoro akampa kiti.

"Bibi, samahani," kilisema Kinusuru kutoka ubavuni mwa kitanda. "Nimelichunguza tukio lile mara nyingi. Mheshimiwa Ngwali alitumia neno lilelile, kwa sauti ileile ya kawaida, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio sawa na mioyo ya wenzake. Nina masikio katika kila kiti, na sikuona tofauti. Wewe ulijuaje?"

Bi Mwanatumu alikuwa anakaza nyuzi. "Palikuwa pamepooza," alisema.

"Sijaelewa."

"Pale aliposema, nilikuwa sijapiga kitu. Nilikuwa napita tu, nakwenda kwingine. Mtu hafi pale." Akaijaribu sauti kwa kidole. "Mimi najua ninapoua, mwanangu. Pale sikuua."

Mzee Ngwali alicheka, akashika kifua, na Zahoro akaruka. Kilikuwa kicheko tu.

"Nifundishe kutofautisha," kilisema Kinusuru.

"Kaa na mimi miaka sitini."

Kinusuru kilihesabu miaka sitini, kikamtazama Bi Mwanatumu kwa vipimo vyake vyote, kikawa na adabu ya kutosema kilichopata. Zahoro alihesabu pia. Alifikiria kumbi zote za pwani, viti vyote na masikio yao, na jinsi ambavyo kitu pekee kilichojua kazi ile sawasawa kilikuwa kimekaa mbele yake, kimevaa mtandio na kinatafuta miwani.

"Nilipoishia palikuwa wapi?" Bi Mwanatumu aliuliza.

"Ulikuwa unataka kupanda," Mzee Ngwali alijibu upesi. Alikuwa ameshakaa wima. Zahoro alifunga mlango ili wauguzi wasisikie, akasimama karibu na kitanda, kidole juu ya kitufe chekundu cha kuita msaada.

Fidla ilipandia palepale ilipokatikia. Ilikwenda juu polepole, ikafika mahali ambapo Zahoro hakudhani pana njia, ikapata njia, ikashuka nayo hatua kwa hatua mpaka chini kabisa, na pale chini ikageuka mara moja, ghafla, kwa utamu wa kuudhi. Mzee Ngwali alifumba macho.

"Nakufa," alisema.

Kitanda kikatoa mlio mmoja mfupi. Kidole cha Zahoro kilikuwa kizito, na hakujua akibonyeze kitufe au akiache. Alimtazama mzee, akaitazama skrini ya kitanda, hakuona la kumsaidia popote.

"Bibi," kiliuliza Kinusuru, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "hapo umeua?"

Bi Mwanatumu, aliyekuwa akipiga macho amefumba, hakuyafumbua, wala upinde haukusimama.

"Hapo," akasema, "nimeua."